Kamba ya Ferme ya Tatu

Ferme ya kwanza ilipanda bila shida. Ya pili nayo ikapanda, ikakaa. Ilipofika saa nne asubuhi ya ile Jumamosi, wapita njia wa mtaa wa watu wa reli, pale Kamina, walikuwa wamekwisha kuzoea kusimama kidogo na kutazama. Nguzo sita za chuma zilikuwa zimesimama katika kiwanja cha marehemu Séraphin, na juu yake pembetatu mbili kubwa za kubebea mabati, hizo ambazo mafundi wanaziita ferme. Ilikuwa imebaki moja.

Clotilde, mjane wa Séraphin, alikuwa ameshika kamba tangu saa moja. Alikuwa angali katika nguo nyeusi ya matanga, mwezi wa saba sasa, ameibana kiunoni kwa kitenge kilichochakaa. Bega kwa bega naye alisimama Tshala, rafiki yake wa sokoni, ambaye siku hiyo hakufungua meza yake ya unga ili aje kuvuta. Wanawake hao wawili walishika kamba ya kushoto, iliyopanda mpaka kwenye puli juu ya nguzo na kushuka ikabeba ncha moja ya ferme. Kamba ya kulia aliishika Lumbu peke yake, mtu wa mabega mapana aliyekuwa amebeba mataruma ya reli kwa miaka kumi na tisa. Juu ya ngazi ya kushoto alikuwa Nkulu, kapita wao, msimamizi wa kazi, na ya kulia Chrispin, mchomeaji aliyeziunga ferme zote tatu katika karakana yake bila kuomba malipo. Wanaume hao watatu walikuwa wamefanya kazi na Séraphin, wamekula naye, wamemzika.

"Mama Gloire, kidogo juu!" Nkulu aliita. Alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama watu wote wanaomheshimu. "Kidogo tena. Stop! Mushike pale pale. Tundu ya boloti njo inaanza kuonekana."

"Tunashika, kapita."

"Musifunge kamba fasi yoyote. Nitakuwa nasema juu, chini, juu. Lakini musiachilie. Hii kitu ikishuka yenyewe, itaua muntu."

Chuma hicho Séraphin alikinunua kipande kwa kipande, akitaka kujenga depo, ghala la mizigo. Wanawake wanaoleta samaki wakavu kutoka Kinkondja walikuwa wakilala juu ya magunia yao mvua ikinyesha, na yeye akasema watapata paa, na nyumba yake itapata kula. Kisha ini likamwua. Baada ya mazishi, ndugu zake walikuja wakachukua kitanda, baiskeli, redio, suti mbili, hata mapazia wakayakung'uta na kuyakunja. Chuma kilisalimika kwa sababu kilikuwa kwa Chrispin.

"Shemeji yako anajua?" Tshala aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani atamwambia?"

"Clotilde, hii Kamina! Vyuma vimepita katikati ya mji, vinalia ngwa-ngwa-ngwa. Nani hakusikia?"

Clotilde alikuwa akimtazama mtu aliyekuwa akija kutoka upande wa kituo cha treni, mwenye kofia ya majani na mwendo wa kutupa mguu wa kulia nje kidogo. Séraphin naye alikuwa akitembea hivyo hivyo.

*

Amédée, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na mwanawe Jérémy, kijana wa miaka ishirini na minne, na vijana wengine watatu ambao Clotilde hakuwajua. Walikuwa wakisukuma pusupusu mbili, ile mikokoteni ya kubebea mizigo, na ndani yake mlikuwa na vipande vya bomba. Hawakupiga hodi.

"Shusheni," alisema Amédée.

"Mukubwa, jambo," Nkulu alijibu kutoka juu ya ngazi, boloti mdomoni. Akaitoa. "Tupe dakika tano tufunge hapa. Tukisha kufunga tutashuka, tutaketi, tutasemezana."

"Nisemezane na weye juu ya nini? Weye ni nani katika hii famille? Hii kyuma iko ya ndugu yangu. Ndugu yangu anakufa, kyuma inarudia kwetu." Alimgeukia Clotilde. "Minyi njo nilinunua sanduku ya kumuzika. Minyi njo nililipa mukate na kahawa ya bantu siku tatu za kilio. Weye ulileta nini? Machozi?"

"Yaya," alisema Clotilde, kama wanavyomwita kaka mkubwa. Kamba ilikuwa ikimvuta mikono juu, akawa kama mtu anayeomba. "Yaya, nakuomba. Mulichukua vitu vyote, sikusema neno. Hii ni ya batoto yake. Tuache kwanza tufunge, mbele ya Mungu, kisha uniite popote unapotaka, nitakuja."

"Achilia kamba."

"Siwezi, Yaya. Bantu wako juu."

Amédée alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mkono uliofunguka wote, na sauti yake ilifika barabarani, maana watu waliokuwa wakitazama walinyamaza mara moja. Kichwa cha Clotilde kiligeuka, kikarudi. Mikono haikutoka.

"Baba yangu wee!" Tshala alipiga kelele. "Unapiga mwanamuke wa matanga? Weye Amédée, unapiga—"

Mmoja wa wale vijana alimpiga bomba mdomoni. Hakulizungusha kwa nguvu zote, lakini lilitosha. Tshala alianguka ameketi, akaweka mkono mdomoni, akautazama, na kwenye kiganja palikuwa na damu na meno mawili.

Kamba ikamkimbia Clotilde. Ilipita viganjani mwake urefu wa mkono mzima kabla hajaweza kuikamata tena, ikaondoka na ngozi. Huko juu ferme iliinama, Nkulu akaikumbatia nguzo na kulia, "Mama Gloire! Mama Gloire!" Kwa uzito ule Clotilde hakuweza kusimama. Alijizungusha mara moja, kamba ikamzunguka kiunoni, akajitupa chini na kuikita miguu yote miwili kwenye zege la nguzo. Ferme ikatulia. Alikuwa ameketi mavumbini, miguu mbele, kama mtu anayepiga kasia, na kamba ilikuwa ikimkata mbavu.

Hapo ndipo Amédée alipovua mkanda.

*

Alimpiga mgongoni kwanza, kisha mabegani, kisha popote. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na minne, mzee wa kanisa, na alipiga kwa utaratibu, akipumua baada ya kila pigo, akisema neno moja moja. "Achilia. Kamba. Achilia." Bizimu ya mkanda ilimpasua Clotilde nyuma ya sikio. Nguo nyeusi ilipasuka begani, na mtu fulani barabarani akacheka kwa kifupi, kisha akajuta. Kulikuwa na watu labda thelathini pale, na simu nne au tano zilikuwa zimeinuliwa. Mama Nathalie, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa akilia kwa sauti huku amejishika kichwa. Hakuna aliyevuka kuingia kiwanjani.

Clotilde hakulia. Alihesabu mambo mawili tu: Nkulu yuko juu, Chrispin yuko juu. Kila pigo lilipokuja aliyarudia.

Upande wa kulia, vijana wawili walikuwa wamemzunguka Lumbu. Alikuwa na nguvu za kuwavunja wote wawili, na wao walijua, na pia walijua kwamba mikono yake haikuwa yake. Alipiga mateke. Alimtemea mate mmoja wao. Walimpiga mapajani, wakampiga magotini, naye akawa anatukana kwa Kiluba na kushika.

"Jérémy!" aliita mmoja wa wale vijana. "Mushushe ule wa juu!"

Jérémy alikwenda chini ya ngazi ya Chrispin, akaishika kwa mikono miwili na kuanza kuitikisa.

"Toka hapo, mutoto!" Chrispin alipiga kelele. "Hauoni uko chini ya nini? Toka!"

Jérémy alicheka, akatikisa tena. Nyuma yake bomba lilishuka juu ya kiwiko cha Lumbu. Waliokuwa barabarani wanasema walisikia mfupa kabla ya kumsikia yeye. Mkono wa Lumbu ulifunguka wenyewe, kamba ikaruka juu kama nyoka aliyekanyagwa, na ncha ya kulia ya ferme ikashuka yote.

Iliivunja ngazi. Chrispin alibaki akining'inia juu ya nguzo kwa mikono na miguu. Jérémy aliruka nyuma hatua moja, na hatua moja haikutosha. Chuma kilimshika mguu chini ya goti, kikauingiza ardhini.

Vijana watatu waliangalia, wakatupa mabomba, wakakimbia kuelekea reli.

Sasa ferme ilikuwa imesimama kwa mshazari, ncha moja juu ya mguu wa Jérémy na nyingine hewani, na hewani palikuwa na kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na kiuno cha Clotilde. Kama angeachilia, ferme nzima ingelala kifuani kwa kijana yule. Clotilde aliona hivyo wazi kabisa. Aliona kinywa cha Jérémy kimefunguka bila sauti.

Amédée alikuwa amewapa wote mgongo. Vumbi na makelele kwake vilikuwa vita tu. Aliinua mkanda.

"Yaya, tazama nyuma yako."

Alimpiga.

"Mutoto yako iko chini ya kyuma! Yaya! Jérémy iko chini!"

"Unanidanganya mbele ya bantu?" Alimpiga usoni. "Achilia!"

"Nikiachilia anakufa!"

"Achilia!"

Alimpiga tena, na tena, na pigo hilo la pili lilimfunga Clotilde jicho la kushoto. Ndipo Jérémy alipopata pumzi.

"Papaaa!"

Amédée aligeuka. Alisimama na mkanda mkononi muda wa kuona mguu, chuma, kamba iliyonyooka, na kufuata ile kamba kwa macho, kutoka juu ya puli mpaka kwa mwanamke ambaye yeye alikuwa akimpiga. Uso wake ukawa wa mtu mwingine.

"Usiachilie," alisema. Kisha akapiga kelele, sauti imepasuka. "Clotilde! Mama! Usiachilie! Nakuomba, usiachilie!"

Alikimbia kuinua chuma kwa mikono yake na hakikusogea. Nkulu alishuka, Chrispin akateleza kwenye nguzo mpaka chini, Lumbu akaja na mkono mmoja ukining'inia, na sasa ndipo wanaume wanne au watano wa barabarani walipovuka. Waliinua. Walimvuta Jérémy. Mguu ulikuja nyuma yake kama kitu kilichosahauliwa.

Walimlaza juu ya pusupusu moja kati ya zile mbili zilizoletwa kubeba chuma, wakaondoka mbio kwenda hospitali, na watu wote wakawafuata. Clotilde alibaki ameketi. Hakuna aliyemwambia kwamba imekwisha. Tshala, kinywa kimevimba, alitambaa mpaka kwake na kumfungua vidole kimoja kimoja.

*

Jérémy alikatwa mguu Jumapili. Jumatatu asubuhi, Clotilde alipokwenda kuteka maji bombani, wanawake walisogeza ndoo zao. Alidhani wanampa nafasi. Alisogea, wakasogea tena. Hakuweza kushika ndoo, mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji, kwa hiyo alimtazama Mama Nathalie ambaye kila siku walisaidiana kutwika. Mama Nathalie aligeuza uso.

"Mama Nathalie?"

"Mama Gloire, minyi sina maneno. Lakini mutoto wa bantu! Kumuachilia kyuma juu yake kwa hasira!"

"Nani alisema hivyo?"

"Baba yake. Alipita jana, nyumba kwa nyumba, akilia. Alisema weye ulimuona mutoto iko chini, njo ukaachilia."

"Ulikuwepo, mama. Ulikuwa unalia pale barabarani. Ulitazama."

Mama Nathalie alishusha macho. "Vumbi ilikuwa mingi," alisema. "Na baba ya mutoto anaweza kudanganya juu ya mutoto yake?"

Clotilde alirudi na ndoo tupu ikining'inia kwenye kiwiko. Kwa siku tisa alinyamaza; Nkulu na wenzake walisema walichoona, wakaambiwa ni watu wa upande wake. Wale wenye simu walikuwa wamepiga picha mkanda na mgongo wake mpaka ferme ilipoanguka, na hapo kila picha ilikatika, kwa sababu kila mwenye simu alikuwa amekimbia. Kichwani mwake mlikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia hata Tshala. Siku ya kumi alimwacha Gloire na mdogo wake kwa Tshala, akavaa ile nguo nyeusi iliyoshonwa begani, akaenda hospitali.

Amédée hakuwepo. Jérémy alikuwa amelala kando ya ukuta, shuka limenyooka pale ambapo halikupaswa kunyooka. Alikuwa amekonda. Alipomwona alitaka kuketi.

"Mama mudogo," alisema.

"Lala."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akikohoa.

"Papa anasema uliachilia," alisema Jérémy. "Bantu banakuja hapa, banakutukana mbele yangu, bananipa machungwa. Na minyi nakula." Alianza kulia bila kuficha uso. "Nilikuwa nakuona. Ulikuwa unatoka damu kwenye mikono. Papa anakupiga na weye unashika. Juu ya nini haukuachilia?"

Clotilde alikuwa ametembea mpaka pale na jibu zuri la mama mzuri, akaliona halitoki.

"Nilitaka kuachilia," alisema.

Jérémy alimtazama.

"Aliponipiga kwenye jicho, nilitaka. Nilisema ndani ya roho: basi, na yeye afiwe, alie na yeye kama minyi ninalia. Vidole vilianza kufunguka, Jérémy. Nilivisikia. Kisha sijue. Vikafunga tena. Usinishukuru. Sikuviambia vifunge."

Kijana alinyoosha mkono, akagusa bendeji kwa vidole viwili, akaurudisha. Mlangoni kitu kilianguka. Amédée alikuwa amesimama pale na sahani ya bukari, ule ugali wa kwao, kwenye kitambaa, kifuniko chake kilikuwa kikizunguka sakafuni. Haikujulikana alikuwa amefika lini.

"Papa," alisema Jérémy, "ubaambie bantu ukweli."

Amédée aliweka sahani chini. Alikwenda mpaka kitandani na kumpiga mwanawe kofi, hapo hapo alipolala. Mgonjwa wa pili akaacha kukohoa. Jérémy hakujikinga.

"Nipige tena," alisema. "Mukanda uko wapi? Nipige. Ukweli utabaki ule ule."

Mkono wa Amédée ulikuwa umeinuka. Ulikaa pale juu kwa muda mrefu, kisha akautumia kujifunika uso. Clotilde aliinuka, akapita kando yake bila kumgusa, akatoka.

*

Jumamosi ya tatu, Chrispin alikuwa amekwisha kuinyoosha ferme kwa moto na nyundo. Walikuwa wale wale watano, lakini si wale wale. Mkono wa Lumbu ulikuwa ndani ya plasta. Tshala alikuwa akiongea huku ameziba mdomo kwa kitenge. Viganja vya Clotilde vilikuwa vimeota ngozi nyekundu, nyembamba, isiyokubali kukunjwa. Nkulu alizitazama kamba mbili, akatazama mikono iliyobaki, akakuna kichwa.

"Mama Gloire, hatuwezi. Inaomba bantu wawili wa nguvu. Nimeuliza hapa mutaani, kila muntu iko na kazi."

"Njo kusema banakataa."

"Njo kusema banakataa."

Amédée alitokea upande wa kituo, peke yake, bila kofia. Nkulu alichukua ufunguo wa boloti. Lumbu alisimama mbele ya Clotilde na plasta yake. Safari hii Amédée alisimama kwenye mpaka wa kiwanja.

"Hodi," alisema.

Lumbu hakuondoka mbele ya Clotilde.

"Nimekuja kuvuta," alisema Amédée. "Nimesikia hamuna bantu. Nguvu ninazo bado." Alikunja mikono ya shati, polepole, kama mtu anayeonyesha kwamba hana silaha.

Nkulu alimgeukia Clotilde. Machoni mwake mlikuwa na hesabu: mtu mmoja wa nguvu amepatikana, na kwa Lumbu kuongeza uzito wa mwili wake, ferme ingeweza kupanda leo. Mvua ilikuwa ikikaribia. Mabati yalikuwa chini, yakipata kutu.

"Hapana," alisema Clotilde.

"Mama Gloire..."

"Hapana, kapita. Hii kamba hataigusa." Alipita mbele ya Lumbu, akaenda mpaka pale Amédée aliposimama. Jicho lake la kushoto bado lilikuwa na damu ndani. "Yaya, uliingia nyumba ngapi?"

Alielewa mara moja. "Clotilde..."

"Nyumba ngapi? Za kuwaambia kwamba niliachilia."

Amédée alitazama chini. "Kumi na mbili," alisema. "Na kanisani."

"Enda urudie zote. Upige hodi, uingie, useme: nilidanganya. Clotilde alishika, na minyi nilikuwa nampiga. Useme hivyo hivyo, na mukanda uutaje. Usiseme ni uchungu, usiseme ni shetani. Ukimaliza na kanisani, njo uje kuvuta, kama itakuwa bado."

"Mbele ya bantu wote? Minyi, mukubwa wa famille?"

"Ulinipiga mbele ya bantu wote."

Mshipa ulikuwa ukicheza shingoni mwa Amédée, na Clotilde aliona mkono wake wa kulia ukifunga ngumi, akautazama ule mkono bila kurudi nyuma. Mwili wake wote ulikuwa ukingoja pigo. Nyama ya mgongo ilikuwa imekwisha kujikaza yenyewe. Pigo halikuja. Ngumi ilifunguka. Amédée aligeuka, akavuka barabara, mguu wa kulia ukitupwa nje kidogo.

"Tufanye nini?" Nkulu aliuliza.

"Tungoje."

Walimsikia akipiga hodi kwa Mama Nathalie. Mlango ulifunguka. Alianza kusema kwa sauti ya chini, na Mama Nathalie akamwambia hasikii, aseme tena. Akasema tena. Safari hii maneno yalifika mpaka kiwanjani, na Tshala akashusha kitenge kutoka mdomoni.

Kisha mlango wa nyumba ya pili, na sauti ile ile, nzito, inaanza upya: "Hodi."